Nani Ameshika Karatasi? Hollywood, Deki na Mkanda wa Nyumbani

Hotuba hii, juu ya haki za filamu na mikataba yake, niliitoa Jumamosi asubuhi, Dar es Salaam, mbele ya vijana wanaotengeneza filamu. Wengi mlizuiwa na mvua, mkaniomba maandishi. Nimeiweka nzima kama nilivyoisema. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Marahaba, marahaba. Kaeni. Wewe uliyesimama mlangoni sogea, viti vya mbele havilipiwi.

Mwenyekiti, wazee wenzangu, na ninyi vijana wenye shughuli yenu: asanteni kwa kuja na mvua hii. Nilipoalikwa niliomba jambo moja tu. Kila mwenye mkataba wa kusambaza filamu yake aje nao, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari wenye sahihi mbili. Mmekuja nao wangapi? Inueni mikono niwaone. Mmoja, wawili... watatu. Na filamu zilizotengenezwa na watu waliomo humu ni ngapi? Hamsini? Zaidi? Basi, mikataba mitatu. Hotuba yangu imeisha, tungeweza kwenda kunywa chai.

Lakini mvua haijakatika, kwa hiyo vumilieni.

Wengi mnanijua kama mwalimu. Kabla ya ualimu nilikuwa nakodisha mikanda ya video. Magomeni, miaka ya 90, chumba kimoja, rafu za mbao za mnazi, deki mbili za kuchezea mikanda na runinga moja ya kujaribia. Mteja anakuja Ijumaa, anaandika jina kwenye daftari, anaondoka na mkanda, anaurudisha Jumapili. Asiyeuzungusha urudi mwanzo analipa faini. Na mikanda yenyewe! Nakala ya nakala ya nakala. Stelingi uso kama umepakwa uji.

Siku moja akaja mzee mmoja, mstaafu wa mahakama. Akachukua mkanda kwenye rafu, akaugeuzageuza, akaniuliza: "Kijana, huu ni wa nani?" Nikamjibu, wangu mzee, nimeununua kwa pesa yangu. Akasema: "Mkanda ni wako, sawa. Na filamu?"

Nilicheka. Nilidhani mzee anatafuta mazungumzo. Sikujua kwamba swali hilo hilo lilikuwa limewapeleka mahakamani wenye studio kubwa za Marekani, wakakaa kwenye kesi zaidi ya miaka saba.

Mkanda ni wako. Na filamu? Nataka mlishike swali hilo asubuhi yote.

Nianze na ghala. Zamani za Hollywood studio ilikuwa na kila kitu: waigizaji wa mkataba, mafundi, kamera, na hata majumba ya sinema yenyewe. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya serikali dhidi ya Paramount na wenzake, na baada ya hapo studio zikalazimika kuachana na majumba yao ya sinema. Wakati huo huo runinga inaingia majumbani na tiketi zinapungua. Na filamu ya zamani ilikuwa nini? Mzigo. Ilishaonyeshwa, imerudi ghalani, inakula nafasi, na zile za kale zilikuwa kwenye ukanda unaoshika moto haraka kuliko kuti kavu.

Basi mwaka 1958 Paramount ikauza filamu zake za sauti za kabla ya 1950, zaidi ya 700, kwa kampuni ya MCA. Bei, dola milioni 50. MCA wakati huo ilikuwa wakala wa wasanii na mtengenezaji wa vipindi vya runinga. Paramount walifurahi. Nani analipa milioni 50 kwa vitu vilivyokwisha kutazamwa? MCA wakavikodisha kwa vituo vya runinga, pesa ikarudi. Miaka michache baadaye MCA ikainunua Universal. Halafu, miaka ishirini baada ya mauzo yale, ikaja deki. Na zile komedi za zamani za Paramount zikatoka kwenye mikanda yenye nembo ya nani? Universal. Ni hivyo mpaka leo.

Nisikilizeni hapo. Paramount iliuza haki ya kitu ambacho hakikuwapo duniani. Mwaka 1958 hapakuwa na deki sebuleni kwa mtu yeyote. Lakini karatasi ilikuwapo, na karatasi ikamsubiri deki.

Sasa tuje kwenye mkanda wenyewe.

Sony walitoa Betamax mwaka 1975. Mwaka uliofuata JVC wakatoa VHS, ambayo ndiyo ninyi mliikuta kwa wazazi wenu. Mashine zipo, lakini filamu za kuweka ndani hakuna. Watu wanarekodi vipindi vya runinga tu. Huko Michigan, mji wa Farmington Hills, mbali kabisa na Hollywood, kulikuwa na bwana anaitwa Andre Blay. Kazi yake kudurufu mikanda. Kampuni yake iliitwa Magnetic Video. Huyu bwana akaandikia studio kubwa: naomba leseni ya filamu zenu, niziweke kwenye mikanda, niziuze kwa watu wa kawaida. Fikirieni sura za wakubwa wale. Nani huyu? Michigan ndiyo wapi?

Studio moja tu ikamsikiliza, 20th Century Fox. Mwaka 1977 wakampa filamu 50, zote za zamani kidogo, zote zilishaonyeshwa kwenye runinga. Akalipa dola 300,000 mkononi, na kwa kila mkanda utakaouzwa Fox wapate dola 7.50. Hakununua filamu! Alinunua ruhusa ya kuziweka kwenye mkanda, basi. Akaziuza kwa dola 49.95, zile ndefu zinazohitaji mikanda miwili 69.95. Ilikuwa pesa nyingi wakati ule, na watu wakanunua. Fox walipoona hivyo wakafanya nini? Kabla ya muongo kwisha waliinunua kampuni yenyewe, na Blay akiwa ndani, kwa dola milioni 7.2. Studio ilikuwa imekodisha mlango wake kwa mtu wa nje, ikabidi iununue tena.

Lakini aliyenifurahisha mimi, kwa sababu ni mkodisha mikanda mwenzangu, ni mtu mwingine. George Atkinson wa Los Angeles. Huyu alikuwa anakodisha projekta na filamu ndogondogo kwa mahoteli na wauza piza. Akaona tangazo la Blay. Akanunua zile filamu 50, kila moja kwa Beta na kwa VHS. Desemba 1977 akatangaza gazetini: video za kukodi. Ana duka jembamba barabara ya Wilshire, hana lolote zaidi ya hapo. Ukitaka uanachama, dola 50 kwa mwaka au 100 kwa maisha yako yote. Mkanda, dola 10 kwa siku.

Studio zikaja juu. Sisi tumeuza mkanda, hatujauza ruhusa ya kukodisha! Atkinson akaenda kusoma sheria. Akakuta nini? Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1976, kifungu cha 109: ukinunua nakala halali, nakala hiyo ni mali yako, uiuze, uigawe, uikodishe. Huwezi kuidurufu. Lakini ile uliyonayo mkononi, fanya utakavyo. Na kanuni hii ni ya zamani. Mchapishaji mmoja aliandika ndani ya kitabu kwamba ni marufuku kukiuza chini ya dola moja. Duka la Macy's likakiuza senti 89. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ikasema: ukishauza, umeuza. Kwa hiyo bwana wa duka jembamba aliokolewa na kesi ya kitabu cha babu zao.

Mnaona swali la mzee wangu? Mkanda ni wako, filamu si yako. Marekani watu wakajenga biashara nzima katika nafasi iliyo kati ya maneno hayo mawili. Maduka ya kukodisha yakaota kila kona. Na mimi Magomeni? Mimi nilikuwa nje ya kifungu cha 109 kabisa, maana zile nakala zangu hazikuwa halali tangu zinazaliwa. Nakiri mbele yenu. Nilikuwa mwizi mwenye daftari safi.

Mnacheka. Wakati Atkinson anafungua duka, wakubwa wenyewe walishafika mahakamani kwa jambo jingine. Sony walikuwa wametoa tangazo linalosema, kwa maana yake, kwamba huna haja tena ya kukosa Kojak eti kwa sababu unaangalia Columbo. Zote mbili ni tamthilia za Universal. Rais wa Universal, Sidney Sheinberg, akasoma tangazo hilo, akakosa raha. Septemba 1976 yeye na mkubwa wake, Lew Wasserman, walikuwa na mkutano New York na Akio Morita wa Sony kuzungumza biashara nyingine kabisa, ya diski za video. Wakazungumza vizuri, wakaketi kula. Na pale pale kwenye chakula Sheinberg akamwambia Morita: hiyo Betamax yenu tutawashtaki. Sisi kwetu ugomvi unangoja watu wanawe mikono kwanza.

Novemba 1976 Universal na Disney wakafungua kesi. Wanasema kurekodi kipindi nyumbani ni wizi wa hakimiliki, na anayeuza mashine anauza kifaa cha wizi. Mwaka 1979 Sony wakashinda. Mwaka 1981 kwenye rufaa Sony wakashindwa. Deki zinazidi kuuzwa, kesi inapanda ngazi. Mwaka 1982 Jack Valenti, msemaji wa studio zote kubwa, akaenda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akasema maneno yaliyomganda maisha yake yote: kwamba deki kwa mtengenezaji wa filamu wa Marekani na kwa umma wa Marekani ni kama yule mnyongaji wa Boston, muuaji wa wanawake, kwa mwanamke aliye peke yake nyumbani. Mnyongaji! Anazungumzia mashine ya kuangalia mieleka.

Tarehe 17 Januari 1984 Mahakama ya Juu ikatoa hukumu. Majaji watano kwa wanne. Kura moja tu, ndugu zangu. Wakasema mtu kurekodi kipindi ili akiangalie baadaye si kosa. Katika ushahidi walioutaja ni wa Fred Rogers, mwenye kipindi maarufu cha watoto, aliyesema yeye haoni ubaya familia zikirekodi kipindi chake zikakiangalia pamoja kwa saa zinazowafaa.

Studio zilishindwa. Na zikafa? Ziliuawa na mnyongaji? Kabla muongo haujaisha pesa za video ya nyumbani zilikuwa zimepita pesa za tiketi za sinema. Kile walichokwenda kukiua mahakamani ndicho kilichowalisha. Wakili wao angeshinda, wangekula hasara ya mabilioni.  Tuendelee.

Hawakuokota pesa hiyo mara moja, walihangaika. Disney mwaka 1980 walitoa mikanda kwa makasha ya rangi mbili: meupe ya kuuza, ya buluu ya kukodisha tu. Warner mwaka 1981 walijaribu kukataa kuuza kabisa. Mwenye duka akodishe kwao, naye akodishe kwa wateja. Wenye maduka wakagoma. Studio zikarudi na ujanja mwingine: kama hatuwezi kukuzuia kukodisha, basi mkanda tunakuuzia kwa dola 79.95, pesa yetu tuichukue mlangoni. Halafu mwingine akagundua kwamba ukishusha bei, mtu ananunua wa kukaa nao. Paramount mwaka 1987 walitoa Top Gun kwa dola 26.95, wameweka tangazo la Diet Pepsi mwanzoni mwa mkanda. Mwaka uliofuata Universal, wale wale wa kesi, wakatoa E.T. wakiwa wamefanya mdomo wa mkanda wa kijani ili wa wizi utambulike. Mwaka 1995 The Lion King wa Disney ukauza zaidi ya mikanda milioni 30. Ile filamu ya Simba na Rafiki, majina ya kwetu. Sijui kama mirabaha ya majina ilifika Kariakoo.

Sasa nakuja kwenye hadithi niliyoifuata hapa. Amkeni, mliosinzia. Huyo kijana wa fulana nyekundu mpeni maji.

Mwaka 1952 Disney walikuwa wanatengeneza filamu ya katuni kuhusu mbwa wawili, Lady and the Tramp, ikatoka 1955. Wakamwajiri mwimbaji Peggy Lee. Akatunga nyimbo pamoja na Sonny Burke, akaimba, akatoa sauti za wahusika kadhaa, wakiwemo wale paka wawili wenye roho mbaya. Akalipwa dola elfu chache, akaenda zake. Lakini katika mkataba wake kulikuwa na sentensi. Ilisema kwamba hakuna lolote katika mapatano haya litakaloipa kampuni haki ya kutengeneza rekodi za santuri au nakala nyingine za kuuzwa kwa umma. Aliyeiandika alikuwa anafikiria santuri. Mwaka 1952! Deki iko wapi?

Miaka 35 ikapita. Disney walikuwa na desturi ya kurudisha katuni zao kwenye sinema kila baada ya miaka kama saba, watoto wapya wanazaliwa, tiketi mpya zinauzwa. Ndiyo maana waliogopa video kuliko wengine. Utawala mpya ulipoingia 1984 wakaanza kuzitoa moja moja, wanauza kwa muda kisha wanazifungia tena kabatini. Lady and the Tramp ikatoka kwenye mkanda 1987, ikauza mamilioni ya nakala. Peggy Lee akauliza: yangu iko wapi? Wakamwambia mama, wewe ulishalipwa.

Akaenda kabatini kwake akatoa karatasi.

Mwaka 1988 akafungua kesi. Ubishi wote ukawa juu ya neno moja: nakala. Mkanda wa video ni nakala ya kuuzwa kwa umma au sivyo? Mawakili wa Disney wakasema mkataba unazungumzia santuri, video haikuwapo. Mahakama ikasema, mama hajauza kitu alichokizuia. Machi 1991 baraza la wazee wa mahakama huko Los Angeles likampa dola milioni 3.83. Kiasi kilipunguzwa baadaye, lakini ushindi wake ulisimama hata kwenye rufaa. Alikuwa na miaka 70.

Nauliza hivi. Waimbaji wangapi waliimba kwenye katuni za zama zile? Wangapi walikuwa na sauti nzuri kama yake? Na wangapi walikuwa na ile sentensi?

Studio zilijifunza haraka kuliko wasanii. Leo mikataba yao imejaa maneno haya: haki zote, kwa vyombo vyote vinavyojulikana sasa au vitakavyobuniwa baadaye, duniani kote. Wengine huandika "katika ulimwengu wote" wakimaanisha na sayari nyingine, sitanii. Vitakavyobuniwa baadaye. Yakumbukeni maneno hayo, tutayakuta Kariakoo.

Na upande wa pili kuna asiyekuwa na sentensi kabisa. Vijana wa Pittsburgh, mbali na Hollywood, hawana studio, mwongozaji George Romero. Mwaka 1968 wakatoa filamu ya wafu wanaotembea, kwa takriban dola 114,000. Jina lake la kwanza lilikuwa jingine. Msambazaji akalibadilisha kuwa Night of the Living Dead, akatengeneza kadi mpya ya jina. Alama ya hakimiliki ilikuwa kwenye kadi ya zamani. Ikaondoka na kadi. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, kuitoa kazi bila alama ni kuipoteza. Filamu ikawa mali ya kila mtu. Ilipokuja biashara ya mikanda, kila mwenye mashine ya kudurufu akaitoa na kava lake. Sijui kama kuna filamu iliyouzwa kwenye makasha mengi tofauti kuliko ile. Dunia nzima ikaangalia kazi yao, na walioifanya wakawa wanahesabu makava dukani.

Mikanda iliondoka, ikaja DVD. Marekani iliingia 1997. Studio safari hii hazikuikimbia. Warner ndio waliisukuma zaidi, iuzwe bei ya kununua na si ya kukodisha. Na wakaigawa dunia kwa kanda sita, ili diski ya kanda moja isichezwe kwenye mashine ya kanda nyingine, kila soko lipate filamu kwa tarehe wanayotaka wao. Mnajua sisi tulipangwa wapi? Kanda ya 5, pamoja na Urusi, India na Mongolia. Mimi na Mmongolia tuna undugu gani? Ndiyo maana fundi wa Kariakoo alikuwa anauliza, mashine unataka ya kawaida au ya kanda zote? Na hakuna aliyetaka ya kawaida.

Pesa ya DVD ilikuwa nyingi mno. Waandishi wa filamu walipata nini? Katika miaka ya 80 waliambiwa mkanda ni ghali kutengeneza, kwa hiyo hesabu yenu tuipige kwenye asilimia 20 tu ya mapato. Wakakubali. Mkanda ukawa rahisi, ikaja diski iliyo rahisi zaidi, na hesabu ikabaki ile ile. Mwandishi akawa anapata kama senti 4 kwa kila DVD. Walipogoma Novemba 2007 walitaka senti 8. Mwishowe DVD wakaiacha, wakang'ang'ania mtandao. Watu wakawacheka. Baada ya miaka michache DVD yenyewe ilikuwa inakufa, na kila mtu anauliza habari za mtandao. Walijua mlango unaofuata uko wapi.

Na hapo nataka mnielewe vizuri, maana ndipo ninyi mlipo. Netflix ilianza 1998 kwa kukodisha DVD kwa posta. Ilihitaji ruhusa ya studio? Haikuhitaji! Inanunua diski, inaikodisha, kifungu cha 109, njia ile ile ya Atkinson. Septemba 2023 ilituma diski ya mwisho, baada ya miaka 25. Kwenye mtandao hali ni nyingine. Hakuna mkanda. Hakuna diski. Hakuna kitu ambacho mtazamaji anakimiliki, wala duka linakimiliki. Kuna leseni tu. Ule mgawanyo wa mzee wangu, mkanda wako na filamu si yako, nusu yake imetoweka. Imebaki filamu na karatasi.

Turudi nyumbani. Filamu zetu za Bongo hazikupita kwenye majumba ya sinema. Zilizaliwa kwenye mkanda wa video, zikahamia kwenye diski. Sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, kava linalong'aa, Kariakoo mpaka Lubumbashi. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo, na 2013 zikaja stempu za TRA, watu wa kodi, kwenye diski. Lakini mauzo yenyewe yalikuwaje? Unapeleka masta, ile nakala mama, kwa msambazaji, anakupa fungu la pesa, mnaachana. Na mlifurahi. Hata mimi nilifurahi.

Mwaka 2006 nilitengeneza filamu moja. Msitafute, si nzuri sana. Nilisaini mkataba juu ya boneti ya gari, jua kali, nina deni la kamera. Ukurasa mmoja na nusu. Nikasoma kiasi cha pesa, nikasaini. Miaka kumi baadaye mwanangu ananionyesha simu: baba, si wewe huyu? Filamu yangu, chaneli ya mtu nisiyemjua, matangazo yanaingia kila baada ya dakika kumi. Nikakasirika, nikasema nitawashtaki. Nikaitafuta ile karatasi siku mbili, nikaikuta ndani ya daftari la zamani la kukodisha mikanda. Nusu ya ukurasa wa pili imeandikwa: haki zote, kwa vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa.

Sahihi ilikuwa yangu. Hata mwandiko ulikuwa mzuri.

Sikuwaita hapa kuwalaumu wasambazaji. Msambazaji alifanya walichofanya MCA mwaka 1958: alinunua kilichouzwa. Wala siwaambii msiuze. Blay aliuziwa nini? Mkanda tu, kwa filamu 50, na kila nakala inalipiwa. Mnaweza kuuza runinga peke yake, miaka mitatu. Mnaweza kuuza mtandao kwa nchi moja. Mnaweza kuandika kama wakili wa Peggy Lee: visivyotajwa hapa vinabaki kwangu. Ni mstari mmoja. Wino wake hauzidi wa sahihi.

Mvua naona imepungua, na chai inanukia. Wale watatu waliokuja na mikataba wasogee hapa mbele, tuisome kwa sauti, majina tutayaruka. Wengine chukueni kalamu. Huu wa kwanza wa nani? Wako, dada? Una kurasa ngapi? Mmoja. Haya, nipe miwani yangu hapo mezani, halafu wewe anza kunisomea kutoka chini.